Pikapu Iliyokuwa Ikizima Taa Rabuor

Saa tatu asubuhi, jua limeshapanda juu ya mapaa ya mabati ya Kondele, mjini Kisumu, na Dishon Waliaula yuko chali chini ya pikapu ambayo, kwa macho yake mwenyewe, haina ugonjwa wowote. Kinachoonekana ni miguu yake tu, na viatu vilivyokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu.

"Washa!" anaita.

Ndani ya gari, dereva Oketch anavuta kitufe cha taa. Taa kubwa mbili za mbele, zilizofunikwa kwa gunia ili mwanga uonekane mchana, zinawaka. Zimetulia kama macho ya ng'ombe aliyeshiba.

"Zima!"

Zinazimika.

"Washa tena!"

Zinawaka. Hii ni mara ya ishirini na kitu tangu saa moja, na taa hazijakosa hata mara moja. Kwa gari lingine lolote hiyo ingekuwa habari njema. Kwa hili ni balaa, maana kila alfajiri, likitoka Ahero na akina mama wa soko mgongoni, taa zinazimika katikati ya barabara. Halafu zinarudi zenyewe. Halafu zinazimika tena, kama mtu anayekukonyeza kwa mbali.

Saa nane mchana atakuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwenye gari, Mama Magdalene Mumbi, ameshapatana naye. Ikiwa Dishon hatakuwa amelipata kosa kufikia saa hiyo, pikapu itavutwa kwa kamba, ikakatwe vipande.

"Sitaki kuiuza," anasema Mumbi. Amekaa juu ya debe lililopinduliwa, mkoba mapajani, na kila mara anaitazama saa yake ya mkononi. "Lakini sitaki kuzika mtu pia. Nimechoka kuamka kila siku nikimwomba Mungu taa za gari, kama vile hana kazi nyingine."

Chini ya gari miguu inatulia. Fundi amesikia.

Dishon ana miaka arobaini na tisa. Alizaliwa upande wa Mlima Elgon, akashuka Kisumu mwaka 1942 akiwa kijana mwenye shati moja. Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika chumba cha taa cha reli. Siku hizo taa za reli zilikuwa za mafuta: za ishara, za mikononi, na ile nyekundu iliyotundikwa nyuma ya behewa la mwisho. Yeye alisafisha vioo, akakata tambi, akajaza mafuta. Miaka kumi na tisa alinuka mafuta ya taa hata siku ya Jumapili kanisani.

"Watu walinijua kabla hawajaniona," anasema, akicheka.

Anasema reli ilimfundisha jambo moja ambalo hakuna fundi mwingine aliyemfundisha. Mtu wa ishara hahesabu kwamba treni imepita kwa sababu ameiona injini. Husubiri mpaka aione taa nyekundu ya mkia. Akiiona hiyo, anajua behewa halikukatika njiani. Treni imepita yote. "Mbele kila mtu anaangalia," anasema. "Nyuma inataka mtu mwenye subira."

Mwaka 1961 taa za mafuta zikapungua, na Dishon naye akapunguzwa pamoja nazo. Akaenda kwa fundi mmoja wa Kihindi aliyekuwa akitengeneza umeme wa magari karibu na stendi ya basi, akafagia kwake mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kushika waya. Mwaka 1967 akafungua kibanda chake hapa Kondele, ubavuni mwa kinu cha posho. Kodi ni shilingi thelathini kwa mwezi. Mwezi mzuri huondoka na mia mbili na themanini. Mwezi wa mafuriko, magari ya Kano yakishindwa kupita, hata mia haifiki, na mkewe Nelima hutoa mahindi ya mbegu kwenye chungu, wakala.

Mlangoni pake hakuna kibao, bali betri iliyokufa iliyopakwa rangi nyeupe, imeandikwa kwa mkono: WALIAULA TAA.

Pikapu yenyewe ni mzee wa Kimarekani, ya mwaka 1951, kijani kilichofifia mpaka kikawa kama majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili. Mumbi na marehemu mumewe, Waweru, walikuja nayo kutoka Nyeri mwaka 1964, imejaa viazi, na hawakurudi. Tangu mume afariki, gari hilo ndilo linaloweka moto jikoni kwake. Si kwake tu. Wanawake tisa wa uwanda wa Kano hulitegemea kufikisha maziwa, nyanya na samaki sokoni kabla jua halijawa kali.

Kwa hiyo taa zilipoanza vituko vyake mwezi wa pili mwaka huu wa 1973, hakuna aliyelala.

Fundi wa kwanza alibadilisha balbu. Wa pili akasema betri. Wa tatu akasema swichi, akaweka nyingine. Wa nne akasema hiyo swichi ya fundi wa tatu ni mbovu, akaweka yake. Dishon alikuwa wa tano. Wiki iliyopita alisafisha kila kiungo cha waya kwa msasa, akakaza kila skrubu, akajaribu taa usiku na mchana hapa kibandani, zikawaka. Akampa Mumbi ufunguo na neno lake: gari limepona.

Jumanne hii, alfajiri, neno lake likaanguka mtaroni.

Oketch anasimulia akiwa bado ameshika usukani, kama anayeogopa kuuachia. "Tumetoka Rabuor, mimi naenda polepole, naona barabara vizuri. Mara naona giza. Si giza kidogo, omera, ndugu yangu! Giza ya ndani ya gunia. Huku mafuriko, huku mafuriko. Nikasikia gurudumu inaenda."

Gurudumu la kushoto liliingia mtaroni. Gari likainama, halikupinduka. Hakuna aliyeumia zaidi ya kuchubuka magoti, lakini maziwa ya madebe mawili yalimwagika, na samaki wa Mama Selpha, mmoja wa wale wanawake tisa, kamongo wakubwa sita waliokuwa hai bado ndani ya karai, waliona maji ya mafuriko yamefika mlangoni kwao.

"Walirudi nyumbani bila kuaga," anasema Oketch.

Mumbi anataka kucheka, anashindwa. Anainuka kutoka kwenye debe, anainama karibu na miguu ya fundi.

"Mzee Dishon. Kuna fundi aliniambia hivi: ufunge waya moja kwa moja, uruke hiyo swichi. Taa zitawaka tu, hazitazima tena. Ni kweli?"

Miguu inasogea. Dishon anajitoa taratibu, anakaa kitako, anajipangusa mikono kwa kitambaa. Ni saa nne na nusu.

"Ni kweli, Mama Mumbi."

"Itachukua muda gani?"

"Dakika tano."

"Basi funga! Mimi nimeshakaa hapa asubuhi nzima!"

Fundi anakunja mkono wa shati lake mpaka kwenye kiwiko. Kuna kovu refu, laini, linalong'aa kama kitu kilichomwagiwa nta.

"Hii ni dakika tano," anasema. "Mwaka 1966, lori la makaa, njia ya Kombewa. Taa zilikuwa zinazima kama hizi zako. Mwenye lori alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na njaa. Nikafunga waya moja kwa moja. Ziliwaka vizuri sana. Siku ya nne lori lote likawaka, taa, viti, makaa na kila kitu. Dereva niliyemvuta nje ni mzima hata leo, lakini nikikutana naye sokoni mimi ndiye ninayeangalia chini."

Anaufungua mkono wa shati, anafunga kifungo. Kisha anaeleza, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgonjwa. Ndani ya swichi ya gari kama hili kuna kipande kidogo cha chuma chembamba. Mahali fulani waya ukigusa chuma cha gari na umeme ukakimbia ovyo, kipande hicho hupata joto, hujikunja, hukata umeme. Kikipoa hunyooka, taa zikarudi. Hilo ndilo kukonyeza kwenyewe.

"Watu wawili wameitukana swichi," anasema. "Swichi ndiyo pekee iliyokuwa ikisema ukweli. Inapiga kelele: kuna moto, kuna moto. Ukiiruka, umemziba mdomo anayekuamsha nyumba ikiungua."

Mumbi anarudi kwenye debe lake. Anaitazama saa. "Basi huo moto uko wapi?"

Hapo ndipo penye shida. Dishon amepitisha vidole kwenye kila waya, kutoka kwenye betri mpaka taa za mbele, kutoka kwenye swichi mpaka taa ya nyuma, na vidole havikuona jeraha. Ameutikisa kila waya na taa zikiwaka. Hakuna kilichokonyeza.

Saa tano. Saa tano na nusu. Kinu cha posho kinanguruma, unga mweupe unapeperuka na kutua juu ya boneti. Watu wanaopita wanasimama kidogo, wanatoa ushauri, wanaendelea. Mmoja anasema gari linataka maombi. Mwingine anasema linataka shoka.

Dishon anaacha bisibisi. Anachota maji ya kunywa kwa kikombe cha bati, anampa Oketch kwanza, ndipo yeye anakunywa. Halafu anafanya jambo ambalo, kwa maneno yake, alipaswa kulifanya wiki iliyopita. Anauliza.

"Oketch, jioni mkirudi Ahero, zinazima?"

"Jioni hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata moja. Jioni zinawaka mpaka unashangaa."

"Asubuhi, zinaanzia wapi?"

"Nimekuambia, baada ya Rabuor."

"Kabla ya Rabuor je? Kutoka Ahero?"

Oketch anafikiri, anakuna shingo. "Kabla ya Rabuor nafikiri ziko sawa. Ni vile tukishampakia Mama Selpha, ndio gari inaanza kukonyeza. Labda inampenda!"

Anacheka kwa nguvu. Wapita njia wanacheka. Hata Mumbi anaficha mdomo kwa kiganja, maana Selpha wa Rabuor ni mwanamke wa mwili, na mwili wake ni utani wa barabara nzima, na yeye mwenyewe ndiye anayeongoza.

Dishon hacheki. Amesimama na kikombe mkononi, anaitazama nyuma ya pikapu kana kwamba ndiyo kwanza imefika.

"Anakaa wapi?"

"Nani?"

"Mama Selpha. Akipanda, anakaa wapi?"

"Pembe ya kushoto, nyuma kabisa, asubuhi tu; jioni yeye hurudi kwa basi. Kila mtu ana mahali pake, Mzee. Huwezi kukaa pa mwenzako. Ni kama kibanda sokoni."

"Nenda uwaite," anasema Dishon. "Wote. Na mizigo yao."

"Mizigo wameshauza!"

"Basi waje na miili."

Ni karibu saa saba wanawake saba kati ya tisa wanapofika kutoka sokoni, kanga zimefungwa viunoni, makarai matupu vichwani, kila mmoja akiuliza swali lake. Mbele yao ni Selpha, jasho likimtiririka, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Yawa! Fundi ameniita nije nifanye nini? Mimi najua kuwasha jiko tu, gari sijui!"

"Panda, mama," anasema Dishon. "Kaa kama unavyokaa kila siku."

"Nipande gari imesimama? Tunaenda wapi?"

"Hatuendi popote."

"Hiyo ndio safari ya kwanza sitaanguka kwa mtaro," anasema Selpha, na wenzake wanapasuka kicheko.

Wanapanda mmoja mmoja, kila mtu mahali pake: wa maziwa mbele wakiegemea kibanda cha dereva, wa nyanya katikati, Selpha akisubiri chini. Dishon anarudi chini ya gari, safari hii upande wa nyuma, tochi mkononi. Oketch anawasha taa. Zinawaka, zimetulia.

"Sasa Mama Selpha."

Selpha anashika ubavu, anajivuta, anakaa kwenye pembe yake ya kushoto kwa uzito wa mtu aliyesimama sokoni tangu alfajiri. Mbao zinalia.

Taa zinazimika.

Kila mtu anaangalia lile gunia lililofunika taa. Muda mfupi unapita. Taa zinarudi. Zinazimika tena.

"Mama Selpha," inakuja sauti kutoka chini, polepole, "inuka kidogo."

Anainuka. Taa zinawaka, zinatulia.

"Kaa."

Zinazimika.

"Uwii!" Selpha ameshika mashavu kwa mikono miwili. "Kumbe ni mimi! Miezi hii yote, ni mimi nilikuwa nazima gari!"

Fundi anajitoa chini ya gari. Uso wake umejaa vumbi na unga na tabasamu ambalo Mumbi hajawahi kuliona. Anamwonyesha Mumbi kwa tochi, ainame aone.

Ni msumari.

Na ili mtu auelewe huo msumari, lazima arudi nyuma mpaka mwezi wa kwanza. Sakafu ya zamani ya pikapu, ya bati, ilikuwa imeoza kwa maji ya samaki. Mumbi aliuliza nani anaweza kujenga sakafu ya mbao isiyopitisha maji, akaelekezwa Dunga kwa Mzee Zacchaeus, fundi wa mashua anayejulikana ufuo mzima. Mzee Zacchaeus alikuwa hajajenga gari maishani mwake. Alichojua ni mashua, basi akaijenga mashua. Aliziba nafasi za mbao kwa pamba na lami. Na kila msumari mrefu uliotokea upande wa pili wa ubao, aliukunja ncha kwa nyundo ukalala, kama ilivyo desturi yao wote wanaojenga vyombo vya ziwani, ili wimbi lisije likaung'oa.

Watu wa Ahero waliitania pikapu hiyo kwamba mafuriko yakija itaelea. Walimsifu fundi, na sifa zilikuwa za haki. Hakuna tone lililopita.

Lakini katika pembe ya kushoto, ncha moja iliyokunjwa ilikuwa imelala juu kidogo tu ya waya wa taa ya nyuma, pale unapopita juu ya chuma kikubwa cha gari. Gari likiwa tupu, msumari na waya havigusani. Likiwa na watu wachache, bado. Selpha akikaa na karai lake la kamongo, ubao unashuka upana wa kidole, msumari unaukandamiza waya kwenye chuma. Kwa kukandamizwa asubuhi baada ya asubuhi, ngozi ya waya ilikuwa imetoboka tundu dogo kama la sindano. Na kwa kuwa taa ya nyuma na taa za mbele hupata umeme kutoka swichi moja, jeraha la mkiani lilikuwa likizima macho.

"Vidole vyangu vilipita hapo mara tatu," anasema Dishon. "Tundu lilikuwa upande wa chini, limelalia chuma. Na mimi nilikuwa napima gari lililolala. Mtu akiniambia mgongo unamuuma akibeba gunia, mimi namlaza kitandani nampima, nasema huna kitu. Huo ni ufundi gani?"

Hamlaumu Mzee Zacchaeus. "Alijenga vizuri kuliko wote. Mashua haina waya, angejuaje? Na Mama Mumbi hakuniambia habari ya sakafu kwa sababu mimi sikumuuliza."

Kazi yenyewe, baada ya miezi miwili na mafundi watano, inachukua dakika arobaini. Dishon anaikata ncha ya msumari kwa koleo na kuilainisha kwa tupa. Anaukata waya uliojeruhiwa, anaunga mpya. Anachana tyubu kuukuu ya baiskeli, anaufunika waya kwa urefu wote wa upande ule, kisha anaufunga upande wa ndani wa chuma ambako hakuna ubao wala mtu wala kamongo atakayeufikia. Mwishowe anapita na tochi kwenye misumari yote mingine, mmoja mmoja. Inakuwa arobaini na minane.

Saa nane kamili mnunuzi wa vyuma anafika na lori lake, na kamba begani. Anakuta wanawake saba wamepanda pikapu iliyosimama, wanarukaruka kwa pamoja, gari linayumba kama liko kwenye mawimbi, na fundi amechuchumaa mbele ya gunia akiangalia taa.

"Kuna sherehe?" anauliza.

"Kuna," anajibu Selpha kutoka pembe yake. "Rudi na kamba yako, Bwana. Labda utapata mbuzi wa kufunga."

Wanaruka tena, dakika nzima, mpaka mama wa maziwa anaomba apumzike. Taa hazijapepesa. Mumbi amesimama, mkoba umeanguka miguuni, hajauona. Anamtazama mnunuzi, anatikisa kichwa mara moja tu. Yule mtu anainua mabega, anawasha lori lake, anaondoka.

Hapo ndipo Magdalene Mumbi anakaa tena juu ya debe. Anafungua mkoba, anatoa leso, anajifuta uso wote, taratibu, kama mtu anayenawa.

"Waweru alikuwa anasema hili gari halifi," anasema. "Nilikuwa nimeshaanza kumwona mwongo."

Selpha anashuka kwa kushikiliwa na watu wawili. Anamsogelea fundi, mikono kiunoni.

"Sasa, Mzee, sema vizuri. Ilikuwa mimi au ilikuwa msumari?"

"Ilikuwa msumari, mama."

"Sema kwa sauti. Huyu Oketch ana masikio mabaya."

"Ilikuwa msumari!" anapaza Dishon, na Kondele, au angalau upande ule wa kinu cha posho, unasikia. "Tena bila wewe, mama, tusingeuona mpaka gari liungue."

"Ero kamano," Selpha anamshukuru kwa Kijaluo, anainamisha kichwa kwa heshima, kisha anamgeukia dereva. "Umesikia? Mimi ni kipimo!"

Siku inayofuata, Ijumaa, Dishon anatoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri. Nelima anamuuliza anakwenda wapi na kibanda kinafunguliwa saa moja. Anasema anakwenda kuona kitu. Anatembea mpaka Nyamasaria, karibu saa nzima, suruali imekunjwa juu ya matope, anasimama kando ya barabara ya Ahero, mahali palipoinuka kidogo.

Njiani alikuwa na mipango kichwani. Anataka kuchimba shimo kibandani, lililojengewa kwa mawe, ili aache kulala chali chini ya magari ya watu. Mgongo umeanza kumkumbusha miaka. Mawe ameshayapata, yaliyobomolewa kwenye choo cha zamani cha kanisa. Na magunia. Anataka magunia kumi ya mchanga, yakae pale daima.

"Kila gari litakaloingia kwangu, kwanza nalipakia," anasema. "Kisha namuuliza dereva: wapi, saa ngapi, nani alikuwa amekaa wapi. Ndipo nachukua bisibisi. Nina kibanda changu miaka sita, lakini kazi nimeianza jana."

Mbali, upande wa Rabuor, giza bado ni zito juu ya maji yaliyolala mashambani. Taa mbili zinatokea. Ni za manjano, ziko chini, na zinatetemeka na barabara. Dishon anazihesabia pumzi. Zinapita pale penye mtaro wa Jumanne. Zinakuja. Zinakua.

Pikapu inampita kwa mngurumo na harufu ya maziwa, nyanya na samaki. Akina mama wanaimba wimbo wa kanisa. Mmoja kwenye pembe ya kushoto anamtambua, anapiga kelele, "Mzee Dishon! Nimekaa vizuri?"

Amegeuka na gari, anasubiri. Akina mama wanapotelea gizani, wimbo unafifia, na chini ya ubao wa Mzee Zacchaeus inabaki taa moja nyekundu, ndogo, iliyotulia, inaelekea Kisumu mpaka inamezwa na kona.

"Limepita lote," anasema, na anaanza safari ya kurudi Kondele, akachimbe shimo lake.